Jina Lililofaulu

Filomena alikuwa akishona ndani ya kola herufi ya tatu ya jina la mtoto wa mtu alipogundua kwamba nyuma ya pazia kumekuwa kimya. Tangu alfajiri pumzi za binti yake zilikuwa zikisikika kutoka kitandani, nzito, za mtoto mwenye homa. Jana yake walitoka zahanati na dawa za malaria, na usiku homa ilishuka. Asubuhi Apolonia alikunywa uji nusu kikombe, akasema, "Mama, nenda kashone, mie nalala," na Filomena akaenda kushona, kwa sababu masweta kumi na mawili yalikuwa yanasubiriwa.

Akanyanyua mguu kwenye pedeli. Akasikiliza. Akafunua pazia.

Bajaji iliteremka kutoka Madale mpaka hospitali ya Mwananyamala ikipiga honi njia nzima. Daktari alimgusa mtoto shingoni, akamulika macho, kisha akatazama saa ya ukutani na kuandika. Saa tano na dakika kumi, siku ya Jumanne, wiki ya tatu tangu Apolonia amalize mtihani wa darasa la saba.

Alizikwa Alhamisi, baba yake, Deogratias, alipofika na basi kutoka Masasi. Deogratias alikaa siku tisa, akarudi kwenye korosho, maana msimu ulikuwa umeanza.

Baada ya matanga watu walianza kumwita Filomena "fundi". Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa Mama Apo, kwa muuza vifungo, kwa wanajumuiya, kwa watoto waliokuja kupimwa sketi. Sasa walifika mlangoni, wakafungua kinywa, jina likawakwama, wakasema, "Habari za kazi, fundi." Hakuwalaumu. Aliitika, akapokea kitambaa, akapima, akakata. Alikula alipoletewa sahani. Kulia alijaribu mara mbili, akaona hakuji, akaacha.

Alishona nguo za shule, na kitu kimoja alikuwa akisifiwa nacho hadi Tegeta: ndani ya kola alitia jina la mwenye nguo kwa uzi mwekundu, herufi ndogo zilizonyooka, ili sweta likipotea lirudi. Watoto wa wenzake wote walikuwa na majina shingoni. Sweta la Apolonia halikuwa na jina. Mtoto wa fundi, nani asiyejua sweta lake?

Matokeo yalipotoka, Mwalimu Editha alikuja mwenyewe. Ndiye aliyefundisha darasa la saba shuleni kwa Apolonia, na kila mwaka ndiye aliyeyanakili matokeo kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi za manila, akazibandika ukutani.

"Hodi, dada Filo."

"Karibu, mwalimu."

"Kesho nayabandika. Nimeona nikuletee kwanza, usije ukayakuta ukutani unapita zako."

Akamwonyesha simu. Majina yalikuwa yamepangwa mstari mmoja mmoja, na kidole cha mwalimu kilisimama chini ya mmoja. Apolonia Deogratias. Kiswahili A, Hisabati A, Kiingereza C. Wastani B.

"Hisabati A," Editha alisema. "Shule nzima wamepata wanne."

"Wanne."

"Na yeye mmojawapo."

"Nashukuru, mwalimu," Filomena alisema. "Sketi ya mwanao iko tayari. Imebaki zipu."

Editha alikaa kidogo kwenye benchi, kalamu na simu mapajani, halafu akaondoka. Filomena akatia zipu.

Fransis alikuja Jumapili ya misa ya arobaini, akabaki wengine walipotawanyika. Alikuwa kaka mkubwa wa Deogratias, seremala wa Mbagala, mtu wa maneno na utani, lakini siku hiyo alizungusha kofia mikononi muda mrefu kabla ya kusema.

"Shemeji, nina neno. Likikuudhi, nifukuze."

"Sema."

"Monica kafeli."

Monica alikuwa binti yake, wa umri mmoja na Apolonia, tofauti yao miezi mitano.

"Ana D. Sekondari ya serikali hawamtaki, na ya kulipia ndo siwezi, unanijua. Kanaamka, kanafagia, kanakaa. Kananiangalia tu."

"Pole, shemeji."

"Sasa." Kofia ikasimama. "Jina la Apolonia limefaulu. Limeshapangiwa nafasi ya kidato cha kwanza. Limekaa tu, shemeji. Halina mtu."

Filomena alikuwa akiviringisha uzi kwenye bobini. Aliendelea kuviringisha.

"Tunaomba uhamisho, Monica anaanzia kule kwetu, shule ya mbali na wenzake wa msingi. Mbagala nani anamjua Apolonia? Wangapi wamesoma kwa majina ya watu, leo manesi, wanatuchoma sindano! Mie darasani Masasi nilikaaga na Salumu mmoja, kwao anaitwa Khalfani."

"Na picha?"

"Picha ipi? Zile za darasa la saba? Watoto wote wamenyolewa, wote wamekunja sura. Hata mie ningepita." Akacheka, kisha akakumbuka yuko nyumba gani. "Halafu jina lenyewe ni la mama yetu. Apolonia alilipata kwa kuwahi kuzaliwa tu. Angetangulia Monica, lingekuwa la Monica. Si kwamba linatoka nje ya nyumba."

Hilo lilikuwa kweli. Alichohitaji Fransis ni cheti cha kuzaliwa cha Apolonia na sahihi ya mzazi kwenye fomu ya uhamisho.

Jioni hiyo Filomena alipiga simu Masasi. Nyuma ya sauti ya mumewe watu walikuwa wakipakia magunia.

"Kaka ameshaniambia," Deogratias alisema.

"Wewe unasemaje?"

Magunia yakadondoka, moja, la pili.

"Mie niko huku, sioni kitu. Sema wewe, Mama Apo."

Ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita hivyo.

Filomena hakukubali, wala hakukataa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi ya kliniki. Cheti cha kifo hakikuwepo kokote, kwa sababu hakuwa amekifuata. Kila Jumatatu alisema atakwenda. Kila Jumatatu kulikuwa na kazi.

Desemba Mwalimu Editha akarudi na daftari. Safari hii hakuketi.

"Dada Filo, keshokutwa napeleka orodha. Kila aliyechaguliwa naandika anakwenda au haendi, na kama haendi, sababu yake. Kwa Apolonia bado sijaandika kitu."

Filomena alikuwa amepiga magoti sakafuni, chaki mkononi, akichora kola kwenye kitambaa cheupe. Neno lilikuwa moja tu. Padri alilisema, daktari alilisema, Fransis alilizunguka. Yeye hakuwahi kulitoa mdomoni.

"Niandike marehemu?"

"Liache."

"Nikiliacha, maana yake anakwenda."

"Liache kwanza, mwalimu."

Editha alimtazama. Alikuwa amesikia habari za Fransis, Madale haina siri ya wiki mbili. Angeweza kuuliza. Alifunga daftari.

"Dada, mie sijaja hapa leo," alisema.

"Sijakuona."

"Kwanza" hiyo haikuwa na pili, orodha ikapelekwa hivyo hivyo. Januari Fransis alimleta Monica apimwe. Filomena alimzungushia futi kiunoni: inchi ishirini na sita. Kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa Agosti, palikuwa na Apolonia, ishirini na nne. Akafungua ukurasa mpya, akaandika ishirini na sita, na juu yake, mahali pa jina, akaandika lile lile.

"Tufanye mazoezi kidogo," Fransis alisema kutoka mlangoni. "Mwalimu anaita majina. Haya. Apolonia!"

Monica alitazama sakafu. Filomena, pini mdomoni, aligeuka akatazama pazia.

"Unaona? Ukiitwa hivyo darasani ukanyamaza, umetuumbua. Tena. Apolonia!"

"Nipo," Monica alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nguvu! Itika kama mtu aliye hai!"

Fransis akajipangusa uso kwa kiganja, akasema anakwenda kununua maji, akatoka.

Walipobaki wawili, Monica alisimama wima kama mtu anayeogopa kuchomwa na pini.

"Mama mdogo, mie nilimwambia baba nirudie darasa. Kasema haiwezekani."

"Haiwezekani."

"Apo alikuwaga ananifundisha hesabu, likizo. Mie nilikuwa sielewi, nacheka tu." Akaitazama futi. "Unanichukia?"

"Geuka nikupime mgongo."

Mtoto akageuka. Mgongo ulikuwa mwembamba, mifupa miwili ya mabega imetokeza, na Filomena alipitisha futi juu yake polepole, akapima mara mbili kipimo ambacho hupimwa mara moja.

Sketi mbili na mashati mawili alivimaliza kwa siku tatu. Kwenye pindo aliacha inchi mbili za kukulia. Siku ya nne alitia majina. Herufi ya kwanza ilimtoka kubwa mno, akaifumua. Vidole vilivyokuwa vimeshona majina ya nusu ya watoto wa Madale havikuwa vimewahi kulishona hili, ikabidi aliandike kwanza kwa chaki kitambaani na kulifuata. Alilishona mara nne. Kisha akapiga pasi, akakunja, akatia kwenye mfuko pamoja na cheti. Fomu alishaisaini.

Fransis alitaka kupiga magoti. Filomena alimwambia asifanye hivyo, sakafu ina pini.

Mwezi wa tatu simu ilitoka Mbagala. Shule imefanya mtihani wa kwanza wa majaribio na wazazi wanaitwa kuchukua matokeo. Felicitas, mama yake Monica, alikuwa amejiandaa kwenda, lakini wamesema anatakiwa mzazi aliyesaini fomu, na sahihi italinganishwa. Filomena alivaa gauni lake la kanisani, akaenda.

Wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamebanwa. Mbele, mwalimu wa hesabu, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Brightson, alikuwa na rundo la karatasi na aliita bila kuinua macho.

"Mama Apolonia!"

Filomena hakusimama. Miezi mitano, ukiacha mumewe kwenye simu, hakuna mtu aliyemwita hivyo, tena kwa sauti ya namna ile, ya kawaida, ya mtu mwenye haraka na kazi zake.

"Mama Apolonia Deogratias hajafika?"

"Nimefika, mwalimu," alisema, akainuka. Monica alikuwa ameshasimama pembeni ya meza, mikono nyuma.

"Mama, shikamoo. Kaa. Nikwambie ukweli, tusidanganyane." Akageuza karatasi upande wake. "Hisabati thelathini na moja. Thelathini na moja! Nimefungua faili lake. Huyu mtoto darasa la saba ana A. A ya hesabu siku hizi ni wangapi wanaipata? Kimemkuta nini?"

Monica aliangalia viatu vyake. Dawati la nyuma mzazi mmoja alikohoa. Filomena aliisoma karatasi yote, kutoka juu mpaka chini, jina, namba, mkondo B, somo baada ya somo.

"Aliumwa," alisema.

"Lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Aliumwa sana?"

"Sana."

"Ndiyo maana." Mwalimu Brightson alitikisa kichwa, sauti yake ikapoa. Alimtazama Monica, akamtazama mama. "Sasa anaendeleaje?"

Filomena aliinamia meza. Karatasi ilikuwa mbele yake, na kalamu juu ya karatasi.

"Nisaini wapi, mwalimu?"

"Hapa chini. Na pale, jina la mwanafunzi, uliandike wewe kwa mkono wako." Akasubiri amalize, akalinganisha na fomu, akaridhika. "Mtoto wa A hatumwachi apotee, mama. Tutamrudisha pale alipokuwa."

Tuisheni ya hesabu ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Apolonia anahudhuria.