Bustani Namba Kumi na Saba

Merryn alikubali kwenda Toowoomba kwa sharti moja: wasipite karibu na mtaa wa baba yake. Tavita, mumewe, hakubishana. Alisema mwezi wa Septemba mji mzima hujaa maua, na kwamba siku tatu hazitatosha hata kuyaona yaliyo kwenye mitaa mingine. Eti wazo lilimjia kazini, kwenye ghala la vyakula vya barafu, ambako wenzake hurudi kila mwaka na picha za tulipu. Merryn alikuwa ameishi naye miaka kumi na minne na hakumwamini sana, lakini likizo ya shule ilikuwa imeanza na watoto walikuwa wameshaanza kugombana ndani ya nyumba.

Toowoomba ndiko alikozaliwa na kukulia. Mara ya mwisho kufika ilikuwa siku ya mazishi ya mama yake, miaka minane iliyopita. Siku hiyo, kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakinywa chai, alimwambia baba yake mbele ya mchungaji na majirani kwamba amemfichia ugonjwa wa mama kama mtu anayeficha wizi, na kwamba hataki kumwona tena. Mama yake, Noela, aliugua wiki saba. Katika wiki hizo zote mzee hakupiga simu hata mara moja. Alipiga asubuhi ile mkewe alipofariki. Tangu siku ya mazishi baba na binti hawakusemezana. Watoto waliambiwa tu kwamba babu yao mzaa mama anakaa mbali. Umbali wenyewe, kutoka nyumbani kwao Logan, haufiki mwendo wa saa mbili kwa gari.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Nyuma walikaa Sina, binti wa miaka kumi na miwili, na Elia, mdogo wake, ambaye angetimiza miaka minane mwezi wa Novemba. Katikati yao palikuwa na sanduku la barafu lenye mikate ya nyama ya kopo na kuku mzima wa kuokwa, maana Tavita ni Msamoa na hasafiri bila chakula cha kutosha watu kumi. Walipopanda mlima masikio yaliziba, na walipofika juu baridi iliwafanya watafute masweta.

Siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Walikwenda kwenye bustani kubwa ya katikati ya mji, ambako vitanda vya maua vimepangwa kama mazulia, na Tavita akauliza kwa nini watu wenye ardhi nzuri namna hii hawapandi hata mhogo. Walisimama ukingoni mwa mlima wakatazama mabonde yakififia kuelekea baharini. Waliingia makumbusho ya magari ya farasi, Elia akakataa kutoka mpaka alipoahidiwa aiskrimu. Jumapili jioni alitangaza kwamba maua ni maua, yeye ameshayaona, sasa warudi nyumbani.

“Wewe ungezaliwa nyuki ungekufa njaa,” Sina akamwambia.

Sina hakuwa akitazama maua sana. Alikuwa akimtazama mama yake. Aliona kwamba Merryn, ambaye hotelini aliomba ramani kama mgeni yeyote, haifungui. Alijua duka la mikate lilipo kabla halijaonekana. Alivuka barabara upande wa pili alipomwona mama mmoja mnene anakuja na mbwa. Merryn naye alijua kwamba anatazamwa, na hilo lilimchosha kuliko kutembea.

Jumatatu ilikuwa siku ya bustani za watu binafsi. Kila mwaka wenye nyumba hushindana, na katika msimu huo huacha mageti wazi ili mtu yeyote aingie kutazama. Kuna kijitabu chenye namba, mtaa na jina la ukoo la kila mwenye bustani. Sina ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua na kumwelekeza baba yake njia. Bustani mbili za kwanza zilikuwa za kawaida, moja kubwa, nyingine ndogo yenye sanamu nyingi za vyura. Kisha wakazunguka kona, wakapita kituo cha zamani cha mafuta, na Merryn akaacha kupekua mkoba wake.

“Tavita, geuza gari.”

“Kuna gari nyuma yangu, Mer.”

“Geuza.”

Hakugeuza. Aliegesha chini ya mti, mbele ya nyumba ya tatu kutoka mwisho, akazima injini. Kwenye uzio wa mbao palikuwa na kibao kilichoandikwa 17.

Merryn alimgeukia, lakini kabla hajasema lolote Sina alizungumza kutoka nyuma. Alisema baba hakujua, ni yeye. Aliona jina Zeller kwenye kijitabu tangu siku ya kwanza, na Zeller ndilo jina la mama kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

“Mlisema anakaa mbali,” alisema. “Mimi nataka kumwona. Wewe kama hutaki, kaa.”

Akamshika Elia mkono, wakashuka, wakaingia getini nyuma ya kundi la wageni wengine.

Merryn alibaki garini. Tavita hakumsukuma. Alisema tu kwamba kwao, mtu akipita mlango wa mzee wake bila kuingia, hata asiyemfahamu humwona hana malezi, na kwamba miaka minane yeye amenyamaza kwa sababu mzee si wake. Merryn akamwambia basi aendelee kunyamaza. Zilipita kama dakika kumi hivi. Mwishowe hakuwa baba yake aliyemtoa garini, bali wazo kwamba watoto wake wako mle ndani na hajui wanaambiwa nini.

Alikumbuka ua wa nyuma wenye shamba la maua la mama yake na majani ambayo baba aliyakata kila Jumamosi. Baba hakuwahi kupanda kitu. Alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na tisa, na mama alizoea kusema kwamba mkono wake unafaa kushika chuma tu. Sasa Merryn alipita pembeni ya nyumba, akatokea nyuma, akakuta karibu majani yote yameng'olewa na kuwa vitanda vya maua. Mipopi ilikuwa imechanua, ya rangi ya chungwa na nyeupe. Ile wisteria ya mama, yenye maua ya zambarau, ilikuwa imetambaa mpaka paa la ghala. Vitanda vyote vilinyooka kama reli.

Erwin Zeller alisimama katikati akiwa amevaa kofia ya majani na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa na miaka sabini na sita sasa, na alikuwa amepungua. Alikuwa akiwaeleza wageni saba au wanane jinsi ya kuwazuia konokono. Sina alikuwa mbele kabisa. Elia alikuwa ameinama akitafuta konokono mwenyewe.

Mzee aliinua macho akamwona binti yake. Alinyamaza katikati ya sentensi. Halafu akaendelea kuhusu konokono kwa sauti ile ile, isipokuwa kwamba alirudia jambo alilokwisha kulisema. Merryn alisimama nyuma ya kundi kama mgeni mwingine. Waliongozwa kitanda hadi kitanda. Mtalii mmoja wa kike aliuliza amelima miaka mingapi, mzee akasema minane. Aliuliza nani alimfundisha. Mzee alisema mkewe aliacha madaftari, kila mwaka daftari moja, yenye tarehe za kupanda na za kumwagilia, naye huyafuata kama ratiba ya treni. Mwaka wa kwanza mipopi yote ilimfia.

“Alikuwa ameandika ‘maji kidogo’,” alisema. “Hakuandika kidogo ni kiasi gani.”

Watu wakacheka. Merryn hakucheka.

Kundi lilipotawanyika kupiga picha, mzee alimwendea Elia, aliyekuwa na konokono wawili kiganjani, akamuuliza ana miaka mingapi. Elia akasema saba, Novemba itakuwa minane. Mzee akahesabu kimoyomoyo. Ilionekana wazi usoni kwamba anahesabu. Akasema hao konokono awatie kwenye ndoo ile pale, kila mmoja ana thamani ya biskuti.

Hapo Tavita akaingia na sanduku lake la barafu begani. Alilitua, akaenda moja kwa moja kwa mzee, akainama, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

“Mzee wangu, tusamehe kwa kuja bila taarifa,” alisema. “Hawa ni wajukuu zako. Huyu Sina, ulimwona akiwa mdogo. Huyu Elia.”

“Nimeshamjua,” mzee akasema. Kisha akamwambia Merryn, bila kumtazama sawasawa, “Bomba la nyuma linavuja. Njoo unishikie taa.”

Ilikuwa saa tano asubuhi na jua linawaka. Merryn alimfuata.

Nyuma ya ghala palikuwa na bomba ambalo kweli linavuja. Mzee hakuligusa. Alivua kofia, akaanza kuzungumza kama mtu aliyeyapanga maneno yake zamani. Alisema Noela ndiye aliyemkataza kumwambia binti yao. Merryn alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza mtoto mwingine mimba ikiwa na miezi sita. Noela alisema Merryn akijua atakuja, ataendesha ile njia ya mlima kila wiki, atakesha, atampoteza na huyu. Alimwapisha. Madaktari walisema angefika Krismasi. Mtoto angekuwa ameshazaliwa, wangemwambia wakati huo. Hakufika hata Oktoba.

“Ungenipigia hivyo hivyo,” Merryn alisema.

“Nilishika simu mara mbili. Alikuwa amelala pale ananiangalia.”

“Ungeniambia siku ya mazishi, basi.”

“Ulikuwa na tumbo kubwa hivi, unatetemeka, watu wote wametutolea macho. Niseme ni kwa sababu yako na mtoto? Uondoke na hilo?” Alikuna kichwa. “Hiyo ni siku ile. Baadaye ningeweza. Baadaye na mimi nilikuwa nimekasirika. Yale uliyosema kwenye chai. Nikasema aanze yeye. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, hasira nikaizoea.”

Merryn aliegemea ukuta wa ghala. Alitaka kusema jambo kali na alilitafuta. Lililotoka halikuwa hilo.

“Sikumuaga, Baba.”

“Najua. Hilo nimekunyima mimi, na siwezi kulirudisha.” Akaigeuza kofia mikononi. “Ukiniuliza kama ningefanya tena vile, sijui. Nikimwona yule mtoto na konokono zake, sijui.”

Merryn alilia kidogo, kimya kimya, na mzee akasimama kando yake akiwa ameshika kofia, hajui mkono auweke wapi. Hakumkumbatia. Kwao hawakuwa watu wa kukumbatiana. Baada ya muda alitoa leso mfukoni, yenye udongo, akaitazama, akairudisha. Merryn akacheka huku anapangusa macho kwa mkono wa sweta.

Alimwambia hajamsamehe. Alisema amempa jambo la kufikiria na atalifikiria. Mzee akasema ni haki yake.

Walirudi mbele kwa sababu kengele ya getini ilikuwa ikilia na watu walikuwa wamejaa. Mzee alikuwa hajala tangu alfajiri. Tavita alishamkalisha kwenye meza chini ya wisteria na kumwekea paja la kuku kabla hajakubali wala kukataa. Sina aliketi karibu naye akamuuliza maswali mfululizo: treni ndefu kuliko zote ilikuwa na mabehewa mangapi, bibi alikuwa mtu wa namna gani, kwa nini hakuandika hata barua. La mwisho mzee alilijibu kwa kirefu kuliko yote, na Merryn, aliyekuwa getini, hakulisikia. Yeye alikuwa amechukua kazi ya kuwapokea wageni na kuwapa daftari waandike majina yao. Yule mama mnene mwenye mbwa alifika saa nane. Alikuwa jirani wa zamani, na alikuwepo siku ile ya chai. Alimtazama Merryn, akaandika jina lake, akasema mipopi ya mwaka huu imekuwa mirefu. Merryn akakubali kwamba ni mirefu.

Hawakwenda tena bustani nyingine. Elia alikusanya konokono thelathini na mmoja, na mzee akamwambia biskuti zote hizo atalipwa kwa awamu. Waliondoka saa kumi na moja, wakalala hotelini usiku wa mwisho kama walivyopanga. Hotelini Merryn alimwambia Sina kwamba alichofanya si sawa, kupanga njama nyuma ya mama yake, na kwamba asikirudie. Sina akasema hatarudia. Walikaa kitandani wakitazama picha za siku ile, na Merryn akamtajia majina ya maua aliyoyajua.

Bustani namba kumi na saba haikushinda kitu mwaka ule. Jumapili mbili baada ya mashindano kwisha, Erwin Zeller alishuka Logan kwa basi akiwa na boksi la maharage mabichi magotini. Mama yake Tavita alikuwepo, pamoja na dada zake wawili na watoto wao, na mzee alikalishwa kichwani mwa meza akahudumiwa wa kwanza, jambo lililomtia haya mpaka masikio yakawa mekundu. Baada ya chakula alitoka nje kuzungukia ua. Alirudi akamwambia Merryn kwamba majani yake yanakatwa mafupi mno, ndiyo maana yanaungua. Merryn akamjibu kwamba majani ni yake na atayakata apendavyo. Walibishana hivyo barazani karibu nusu saa, mpaka Tavita akawaletea chai.