Kiu ya Kila Jioni

Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, pini tatu mdomoni, nikikifunga kichaka bandeji. Usicheke. Gome lilikuwa limepasuka kutoka chini hadi kwenye panda ya kwanza, limeachama kama mshono uliofumuka, na mimi ni fundi cherehani. Nilichana vitambaa vya bitana, nikavikaza mzunguko kwa mzunguko, nikamalizia kwa fundo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi miaka arobaini nimekula kwa kuziba.

Kichaka chenyewe, kile chenye majani madogo magumu yanayong'aa, alikipanda mke wangu mwaka tuliohamia nyumba hii. Alikuwa akikikata mviringo kwa mkasi wangu mzuri wa vitambaa. Tuligombana, tukapatana, na mkasi ninao hadi leo, butu. Siku zake za mwisho pale hospitalini hakuniusia nyumba wala binti yetu. Alisema tu, "Kichaka changu kisife."

Basi tangu tumzike, kila jioni nilijaza ndoo, nikatoka kukinywesha, na nikiwa pale nikamweleza yeye habari za siku. Zilikuwa chache. Kuna jioni nilimsimulia kifungo kilichopotea, mwanzo hadi mwisho.

Wiki mbili baada ya bandeji, majani ya upande mmoja yaligeuka rangi ya chai. Usingizi ukanipaa. Nikamwita mtunza bustani wa mtaa wa pili, mama mfupi ambaye kila mtu humwita Mama Mkasi. Alivifungua vitambaa vyangu bila kuomba ruhusa. Ndani palikuwa na unyevu na harufu ya kuoza.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi. Usipoziba ufa..."

"Hilo ni la ukuta, Fundi. Hiki kinapumua."

Akaanza kukwaruza gome kwa ukucha, tawi baada ya tawi. Palipotokea kijani alipita. Palipotokea kahawia alifunga uzi. Nyuzi zilivyozidi, niliacha kuzihesabu.

"Kitapona?"

"Mizizi ni mizima. Lakini nusu inaondoka." Akatia kidole udongoni, kikazama chote. "Unamwagilia mara ngapi?"

"Kila jioni."

"Hata baridi ilipokaribia?"

"Kila jioni, mama."

Alinieleza polepole, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Maji yangu yalikifanya kichaka kiendelee kuchipua wakati wa kupumzika. Baridi kali ya huku kwetu milimani ikakikuta kimejaa maji, yakaganda ndani, gome likapasuka. Niliona aibu hadi masikioni.

"Sasa niambie," akasema, "hiyo kiu ya kila jioni ilikuwa ya kichaka au yako?"

Nikaokota vitambaa vyangu vilivyolowa. Alikata kila tawi lenye uzi. Hakupaka dawa wala rangi, aliviacha vidonda vipigwe na hewa. Akatandaza majani makavu juu ya mizizi, mbali kidogo na shina, kisha akaondoka na ndoo yangu. Alisema nitaipata msimu wa joto.

Jioni zilizofuata nilisimama mlangoni saa ileile, mikono mitupu. Nilijaribu kuongea na mke wangu bila maji, nikashindwa. Mtu anayezungumza na kichaka lazima aonekane ana kazi.

Mwezi wa tatu tangu matawi yakatwe, chini ya mkato mmoja, yalitokeza machipukizi mawili madogo kama vichwa vya pini. Niligeuka kumwambia mtu, na nyuma yangu palikuwa na mlango tu. Binti yangu hunipigia simu Jumapili. Siku ile ilikuwa Jumatano, na mimi sikuwa na mazoea ya kumpigia. Nikampigia.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nina kiu tu."

"Si unywe maji, Baba," alisema, lakini simu hakukata.