Wimbo Ulioazimwa Matangani

Mukandutiye hakuwa mtu wa kusahau. Wapo watu wakikosewa hulia wiki moja, huenda kanisani, hurudi wamepoa. Yeye hapana. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na bila shaka walikuwa wamekutana na mwanamke wa aina yake.

Biashara yake ilikuwa meza moja karibu na Petite Barrière, kile kizuizi cha mpakani ambapo watu wa Gisenyi na wa Goma ya Kongo wanapopishana kutwa na mizigo kichwani. Aliuza viredio vya CD, vile vidogo vya mkononi, vya betri na waya wa masikioni, vinavyofika ndani ya marobota ya mitumba. Vijana wa simu walimcheka, wakamwuliza kama bado yuko enzi za babu zao. Wacheke. Meza haikukosa wateja. Wakulima wa viazi walishuka kutoka Bugeshi kuvitafuta, kwa sababu kule juu chini ya volkano mtandao huja unapotaka na huondoka unapotaka. Akina mama wachuuzi walivinunua kwa sababu simu zao zikisogea tu kizuizini zinarukia mtandao wa Kongo, salio linaliwa kabla wimbo haujafika kiitikio. Siku hizi walikuja hata wasichana wa chuo, wakisema wamechoka na matangazo kuingilia nyimbo, wanataka muziki ambao hakuna mtu wa mbali anayeweza kuwafutia usiku mmoja. Mukandutiye aliwauzia wote, na wote aliwaambia neno moja: cha mtandaoni umeazimwa, cha CD ni chako. Mwizi akikitaka lazima aje nyumbani kwako, aingie mlangoni, akutazame usoni.

Na uchungu wake ulikuwa hapo, maana Johnson alikuja nyumbani, akaingia mlangoni, akamtazama usoni.

Huyu Johnson alikuwa rafiki wa marehemu mume wake, Twagirimana. Zamani walipiga gitaa pamoja kwenye harusi za pande zote mbili za mpaka. Twagirimana alitunga na kuimba. Johnson, aliyekuwa amerudi kutoka Uganda na Kiingereza chake, alishika gitaa la pili. Siku moja walivuka kwenda Goma, kwenye kistudio kimoja, wakarekodi wimbo ambao Twagirimana alimtungia mkewe. Zikatoka CD chache, zikagawiwa, zikapotea, ikabaki moja. Ukiiweka, kabla ya muziki unamsikia Twagirimana mwenyewe akizungumza. Anataja jina lake, anasema wimbo ni wa Mukandutiye, kisha anamgombeza Johnson kwamba gitaa lake linachelewa. Mukandutiye alipapenda hapo kuliko wimbo wenyewe. Ni mume wake yule, mzima, ana haraka, anataka kazi iende.

Twagirimana alipofariki, Johnson alikuja matangani na kulia kuliko wafiwa. Akaomba aazimwe ile CD, aitolee nakala, sauti ya rafiki yake isipotee. Nani angemnyima? Akaondoka nayo, akairudisha imefungwa kwenye leso safi, hata mkwaruzo haina. Haukupita muda wimbo ukawa kwenye kila simu ya mji. Picha ya Johnson, jina la Johnson, maneno ya mwanzo yamekatwa. Watu wakasifu: kumbe mzee huyu ujanani alikuwa na sauti tamu hivi! Akaitwa kwenye sherehe, akaitwa redioni kuhojiwa, akaeleza jinsi alivyoutunga wimbo akiwa amekaa peke yake ufukweni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mukandutiye alimfuata dukani kwake, mbele ya wateja, akamwambia CD anayo, na maneno ya marehemu yamo. Johnson hakupandisha hata sauti. Alimwambia kwa huruma kwamba siku hizi CD watu wanazitundika shambani zifukuze ndege. Wateja wakacheka. Kicheko kile kilimsindikiza mama wa watu hadi kwake, kikakaa naye mezani, kikalala naye.

Alijaribu kuwasikilizisha watu pale kwenye meza yake, mmoja mmoja, waya masikioni. Wengine walimwonea huruma. Wengine wakarudia aliyoyasema Johnson, kwamba CD kama hiyo yeyote mwenye kompyuta anaitengeneza, na kwamba msiba umemwingia mama huyu kichwani. Pasta naye akamsihi asamehe. Mukandutiye alimjibu kwamba msamaha ni jambo lingine, watauzungumza baadaye. Alichokitaka kilikuwa kimoja: Johnson atamke kwa kinywa chake, mbele ya umati, kwamba wimbo ni wa Twagirimana. Pesa zake abaki nazo zimsaidie kununua dawa.

Alingoja mwaka baada ya mwaka. Za mwizi ni arobaini, lakini huyu alielekea kuzipita, akazidi kunenepa.

Kisha ikaja habari ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumfikishia. Mwiza, binti wa kaka yake Kalisa, amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni Igor, mtoto wa Johnson. Kalisa alikuja na maneno laini, anazunguka tu, anasifu hali ya hewa. Mwisho akamwomba dada yake, kwa heshima ya marehemu wazazi wao, siku ya posa anyamaze. Asije? Hapana, lazima aje, maana kwetu shangazi si pambo, binti hatoki nyumbani bila yeye. Ila anyamaze.

Mukandutiye alimtazama kaka yake kama anavyotazamwa mtu anayemwomba mwenye njaa alinde nyama.

Mwiza alikuja mwenyewe kesho yake, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Hakuzunguka. "Shangazi," alisema, "mi nampenda Igor. Baba yake ni baba yake, si yeye. We fanya vile roho inakutuma, lakini mi niolewe."

Maneno hayo yalimshika. Kuivunja harusi alikuwa ameshaiota mara nyingi, meza zimepinduliwa, wageni wanakimbizana, Johnson anatafuta kiatu. Akaiweka kando ndoto hiyo, kwa masikitiko. Sasa alihitaji kisu cha kumkata mtu mmoja tu katikati ya kundi.

Jioni alikwenda kwa Mzee Mudathiru, jirani aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, mwenye ulimi wa kufungua hata kufuli. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa binti. Na wewe unayejua posa za kwetu unajua msemaji anafanya nini. Binti hatolewi kirahisi. Msemaji huwarushia wageni makosa ya kubuni: babu yenu alikunywa pombe yetu akatoroka, mbuzi wenu alikula maharage yetu. Wageni hucheka na hukubali. Mkosaji husimama katikati ya uwanja, huomba radhi, na haketi wala haandaliwi chakula mpaka aliyekosewa atamke kwamba amesamehe. Ni mchezo, lakini kukana ni mwiko. Anayekana huonekana hana adabu, au ana lake jambo.

Mukandutiye alimweleza anachotaka. Mzee Mudathiru akajikuna kidevu, akafikiri, halafu akacheka mpaka akakohoa.

Siku ikafika. Nyumba ya Kalisa iko karibu sana na mpaka, ukipiga chafya Wakongo wanakuombea afya. Mahema yakafungwa, viti vikapangwa, akina mama wakavaa mishanana, zile nguo za sherehe za kufunga begani. Johnson alikuwa ameagiza kwamba upande wa bwana harusi uingie kwa wimbo "wake", utolewe mtandaoni, upigwe na Cedric, mtu wa muziki. Wageni wakapanga mstari langoni, vikapu vichwani, Johnson mbele na suti yake mpya. Wimbo ukaanza, gitaa likalia kidogo, ukakatika. Simu ya Cedric ilikuwa imerukia Kongo. Cedric akainyanyua juu, akapanda kiti, akaizima, akaiwasha. Kimya. Vikapu vikaanza kuwalemea akina mama shingoni, na Kalisa akawa anajifuta jasho.

Mukandutiye aliinuka mahali pake, akatoa kwenye mkoba kiredio chake na CD ya nyimbo za harusi za zamani, akamkabidhi Cedric. Waya ukachomekwa kwenye spika, ngoma zikalia, wageni wakaingia wakicheza. Johnson alipofika kwenye kipaza sauti akamshukuru mama wa CD, akasema hata vya kale vina siku yake. Watu wakapiga makofi. Mukandutiye akatabasamu. Ole wako utabasamiwe namna ile.

Mzee Mudathiru akaanza kazi. Akawashitaki wageni kwa mbuzi, wakakubali. Akawashitaki kwa mtungi uliovunjwa zamani za mababu, wakakubali, kijana mmoja wao akasimama, akaomba radhi, akasamehewa, akaketi. Uwanja mzima unacheka, simu zimeinuliwa zinachukua picha. Kisha mzee akakohoa kidogo.

"Limebaki neno moja," alisema. "Mtu wa upande wenu alikuja matangani kwa shangazi wa binti yetu, akaazima wimbo wa marehemu Twagirimana, akauvika jina lake mwenyewe. Mtu huyo ni Johnson, baba wa kijana. Asimame ajibu kwa kinywa chake."

Watu wakaangua kicheko. Wengi walishayasikia maneno ya Mukandutiye, wakaona mzee kapata utani mzuri. Mukandutiye hakucheka. Alikuwa anamtazama Johnson usoni, na aliona hesabu zote zikipita mle. Akikana, ameharibu posa ya mwanawe, na kila mtu atajiuliza kwa nini ya mbuzi alikubali na hii anaikataa. Akikubali, ni mchezo tu, mchezo haumfungi mtu. Johnson siku zote alichagua njia rahisi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaenda katikati ya uwanja, akapokea kipaza sauti.

"Nakubali," alisema huku akicheka. "Wimbo ni wa Twagirimana. Niliuiba mimi. Mnisamehe, mtupe binti."

Vigelegele vikapigwa. Macho yote yakamgeukia shangazi, aseme lile neno la msamaha, Johnson aketi, sherehe iendelee. Mukandutiye alikuwa ameshasogea mezani kwa Cedric. Akafungua kiredio, akaweka CD nyingine, akabonyeza.

Sauti ya mwanamume ikajaa uwanjani. "Mi Twagirimana. Hii wimbo iko ya Mukandutiye, muke yangu. Bon. We Johnson, gitaa yako inachelewa, sikiliza kwanza mbele ya kupiga."

Kisha gitaa, lile lile ambalo kila mtu pale alikuwa nalo kwenye simu.

Kicheko kilikatika. Bibi mmoja wa Goma, aliyewahi kuchezeshwa na Twagirimana kwenye harusi yake mwenyewe, alijiziba mdomo, akaanza kulia. Waliokuwa wanachukua picha hawakushusha simu zao. Johnson akatafuta pa kuweka mikono. Akasema pembeni ya kipaza sauti kwamba jamani, huu ulikuwa mchezo tu.

Igor akasimama. Kijana huyo alikua akijisifu kwa wimbo ule, aliuimba shuleni, aliuimba kwa Mwiza. "Papa," aliuliza, "iko kweli?"

Johnson alimtazama mwanawe. Njia rahisi haikuwepo tena. Akainamisha kichwa, na jibu hilo wote walilisoma.

Usidhani Mukandutiye alimwonea huruma. Alifurahi. Alifurahi mpaka kwenye vidole vya miguu, furaha ambayo hakuwa nayo tangu azike, na hakujaribu kuificha. Kalisa alimjia mbio, akamnong'oneza kwamba sasa amevunja kila kitu. Akamjibu kwamba hajavunja kitu, amlete mtoto.

Mwiza akatoka ndani na wasindikizaji wake, akiingia uwanjani kwa wimbo wa mume wa shangazi yake, polepole, mikono ikicheza. Ilimbidi ampite baba mkwe aliyesimama katikati ya uwanja. Alimwinamia kwa adabu zote, akampita, akaenda kwa Igor, na Igor akamshika mkono kwa nguvu. Watu wakapata pa kupumulia, wakapiga makofi mpaka wimbo ukaisha.

Msemaji wa wageni alisimama akamwomba mama, kwa unyenyekevu, neno moja tu, Johnson aketi, jua kali. Mzee Mudathiru akamwendea Mukandutiye, akamwuliza taratibu kama alitamke yeye kwa niaba yake, kama inavyoruhusiwa.

Mukandutiye alikuwa anakunja waya wake. Hakuinua sauti, lakini kipaza sauti cha Cedric kilikuwa karibu, wote wakasikia.

"Mutoto tumewapa, na roho safi," alisema. "Lile neno iko yangu mwenyewe. Leo sina."

Akarudi kwenye kiti chake, akaomba Fanta. Kalisa hakujua afanye nini, akaamuru chakula kitolewe. Akina mama wakapita na mabakuli, mstari kwa mstari. Mmoja alifika kwa Johnson, akasita, akamgeukia shangazi kuona kama atatikisa kichwa. Shangazi alikuwa anakunywa. Yule mama akampita Johnson kando na bakuli lake la viazi, akaenda kuwaandalia waliokaa.