Sufuria Isiyo na Kitunguu

Mimi sijazoea kufundishwa kupika. Miaka kumi na saba nimepikia kantini ya kiwanda cha sabuni, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani. Hata msimamizi, na presha yake, aliponiomba nimpunguzie chumvi nilimwambia chakula cha wagonjwa kiko hospitali. Akala hivyo hivyo.

Sasa fikiria nilivyojisikia siku daktari wa mifugo alipomfunua mdomo Afande, akatazama fizi zilivyopauka, akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?"

Afande ni mbwa wa mlinzi wa getini, na mlinzi ni mdogo wangu, tumbo moja. Wamelinda geti lile pamoja miaka sita. Lakini siku hizo mbwa alikuwa hajiwezi: hatua tatu, anakaa, anahema. Msimamizi akatoa neno. Mwisho wa mwezi Afande azunguke uzio mzima mbele yake. Akishindwa, achomwe sindano ya kifo, aletwe mbwa mwingine. Mdogo wangu hakula siku mbili, na yule akiacha kula ujue mambo yameharibika.

"Anakula chakula changu," nikamjibu daktari, kifua mbele. "Wali, nyama, mchuzi. Namkaangia na kitunguu kabisa, na simbanii chumvi wala mafuta."

"Kitunguu?"

"Viwili. Bila kitunguu huo si mchuzi, ni maji ya kuoshea."

Akavua miwani. Akanieleza taratibu kwamba kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na chumvi na mafuta vinamzidishia mzigo. Kumbe ni mimi. Nilikuwa namuua Afande kwa mkono ule ule ninaosifiwa nao. Mdogo wangu hakunilaumu, alimkuna mbwa wake masikio tu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Chakula cha dukani alichotutajia daktari, mfuko mmoja ungemeza nusu ya mshahara wa mlinzi. "Basi nitapika mimi," nikasema. "Wewe niambie cha kuacha."

Nikaanza upya, na utu uzima wangu huu. Chenga za mchele, zile za bei ya chini. Mapafu na vipande vya moyo ambavyo muuza nyama havipatii mnunuzi. Ini kidogo mara moja kwa wiki. Karoti zilizopinda na boga lililobaki. Yote yanachemka kwa maji matupu. Siku ya kwanza mkono ulienda wenyewe kapuni, nikashtuka nimeshamenya kitunguu nusu. Nikajitukana, nikakiweka kando.

"Mama Mwiko, leo umefilisika?" wasaidizi wangu wakanitania.

"Chekeni tu. Masufuria yanawasubiri."

Harufu ya chakula kile ilinitia aibu, sikatai. Afande alilamba bakuli mpaka likasogea ukutani.

Wiki ya pili akaacha kuhema hovyo. Ya tatu fizi zikaanza kurudisha rangi, akawa anamfukuza kunguru wa jikoni kwangu.

Siku yenyewe ilipofika, wafanyakazi wote walitoka nje na sahani zao za mchana. Msimamizi akasimama getini. Mdogo wangu akafungua mnyororo. Afande akachomoka, akapita bohari, akapotea nyuma ya matangi. Tukasubiri. Nilikuwa nimeushika mwiko kwa mikono miwili bila kujua. Mara akatokeza upande wa pili, ulimi nje, akampita mdogo wangu, akampita msimamizi, akaanza mzunguko wa pili. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mdogo wangu alikaa chini kwenye changarawe akalia, na mimi, mtu nisiyelia hata nikikata vitunguu, nikalia naye.

Baadaye msimamizi akanifuata jikoni na sahani tupu.

"Afande anabaki," akasema. Kisha akashusha sauti. "Hicho unachompa, hakina chumvi kweli?"

"Hata chembe."

"Na mafuta?"

"Hakuna."

Akasogeza sahani. "Nipakulie na mimi."

Nilitaka sana kumkumbusha hospitali ilipo. Lakini siku hiyo roho yangu ilikuwa kunjufu mno. Nikamwonyesha mlango wa nyuma, Afande alipokuwa amekaa mbele ya bakuli lake.

"Panga foleni, bosi," nikamwambia. "Mwenzako amewahi."