Kitambaa cha Sita

Nikimaliza kupaka mbao mafuta ya kitani, vitambaa huvianika kwenye waya nyuma ya karakana, kimoja kimoja, vimekunjuliwa. Kitambaa chenye mafuta hayo ukikikunjakunja na kukitupa pembeni, kinajipasha moto chenyewe, hakingoji kiberiti. Karakana ya fundi aliyenifundisha iliteketea hivyo, mchana kweupe, sisi tukiwa tunakula. Tangu hapo nachana shati kuukuu vipande sita, na vyote sita lazima virudi wayani. Mwaka jana shemeji yangu alisahau kimoja juu ya benchi, nikamfokea mbele ya wateja kwamba kichwa chake kimejaa vumbi la mbao. Ndiyo maana wananiita Msumari, na sijawahi kuona ubaya wa jina hilo.

Siku hiyo, saa sita mchana, nilihesabu wayani nikapata vitano.

Nilitafuta chini ya benchi, nyuma ya makopo, hadi kwenye lundo la maranda. Halafu nikakumbuka.

Asubuhi nilikuwa namalizia boksi la spika la mama. Masikio yake yamechoka, siku hizi anasikiliza muziki kwa mgongo: anaegemea spika, besi inamtetemesha mbavu, anatabasamu. Nilimtengenezea boksi kubwa, pembe zimeshikana bila msumari hata mmoja, nikalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Nje lilikuwa limekauka siku nne. Lakini chumba chake kina unyevu, nami nikajitia ubingwa, nikaamua kupaka na ndani. Nikaingiza mkono kwenye tundu la spika, nikapaka, nikafuta. Mteja akaniita. Nikatoa mkono mtupu. Niliporudi nikajaza pamba, nikafunga spika kwa skrubu nane, shemeji akalipakia kwenye mkokoteni akalipeleka.

Kitambaa kilikuwa humo ndani, kimekunjamana, kimefunikwa gubigubi kwa pamba.

Nilimpigia shemeji, anayeishi na mama. Hakupokea. Nikashika bisibisi nikakimbia. Ni mitaa minne tu, lakini niliogopa kila nilipokata kona, maana kila kona ingeweza kunionyesha moshi. Watu walinisalimia, nikawapita mbio.

Nyumba ilikuwa imesimama. Muziki ulisikika mpaka barabarani. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Niliupiga teke, haukutikisika, kwa sababu niliutengeneza mimi. Siku hiyo niliilaani kazi yangu nzuri.

Nikazunguka dirishani. Mama alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka, ameegemea boksi, macho amefumba. Kutoka kwenye tundu dogo la waya, chini, karibu na kiuno chake, ulitoka uzi mwembamba wa moshi.

Nikagonga kioo kwa mpini wa bisibisi, kivuli changu kikamziba mwanga. Akafumbua macho, akaniona, akafurahi. Kisha akaniinulia kiganja: nisubiri kwanza wimbo uishe.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Nilipunga mikono, nikaonyesha mlango, nikalia waziwazi kama mtoto. Nadhani ni machozi yaliyomwinua. Alijikongoja hadi mlangoni, akavuta komeo.

"Kuna nini, baba? Nani kafa?"

Nilimpita. Ubao wa nyuma ulikuwa wa moto, haushikiki. Nikang'oa waya wa umeme, nikalikumbatia boksi hivyo hivyo, nikalitupa uani. Lilipopasuka pembeni na kupata hewa, pamba yote ikalipuka moto. Shemeji, aliyekuwa bombani, alikuja na ndoo akamwaga maji, akaenda kuleta nyingine.

Moto ulipozimika, mama alikuja akasimama karibu yangu, akijipapasa kiuno.

"Nilidhani umeniwekea joto makusudi," alisema. "Kwa ajili ya mgongo. Nikasema mwanangu huyu anafikiria kila kitu."

Shemeji alichokoa majivu kwa kijiti, akatoa kipande cha kola ya shati kilichoungua nusu. Alikitazama, akanitazama mimi. Nyani haoni kundule, lakini wenzake wanaliona vizuri. Majirani nao walikuwa wameshajaa kwenye uzio.

"Ni mimi, mama," nilisema chini chini. "Nilisahau kitambaa ndani."

Mama alitega sikio, akatikisa kichwa.

"Sikusikii, baba. Sema kwa nguvu."

Nilimtazama shemeji. Aliinamisha macho, akanisitiri kadiri alivyoweza. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Nilisahau kitambaa, mama! Nusura nikuue!"