Goli la Baba na Goli la Mama

Katika nyumba ile kila goli lilifungwa mara mbili. Kwanza lilifungwa redioni, kwa Baba, ambaye macho yalikuwa yamemwacha polepole mpaka akabaki na mwanga na vivuli tu. Kisha, baada ya kitambo cha kumeza mate, lilifungwa kwenye televisheni ya Mama, iliyozimwa sauti ili isigombane na redio, na iliyopokea picha zake kwa waifai. Ugomvi ulikaa hapo katikati.

Baba aliporuka kushangilia, Mama alikuwa bado anaona golikipa akifunga kamba za kiatu.

"Mzee, umeniharibia tena."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Baba alijibu, akicheka peke yake.

Siku moja Mama alichoka, akaihamishia televisheni chumbani. Watu walioshangilia kwenye kochi moja tangu ujana wao sasa wakawa wanashangilia kila mmoja na ukuta wake. Binti yao alipokuja kuwatembelea akaikuta hali hiyo, ilimuuma kwelikweli. Kazini kwake, kwenye matangazo ya moja kwa moja, alilipwa kuhakikisha midomo ya msemaji na sauti yake vinafika pamoja kwenye simu za watu. Mganga hajigangi, alijisemea, akairudisha televisheni sebuleni.

"Redio inakuja hewani bila kusimama," aliwaeleza. "Picha zinakuja vipande vipande, na vingine vinachelewa njiani. Televisheni inavisubiri, inavipanga, ndipo inaonyesha. Kawia ufike, ndiyo dini yake."

"Basi iambie iwahi," Baba alisema.

"Ikiwahi itakatakata. Dawa ni redio isubiri."

Baba alinuna. "Yaani mimi ndiye wa kulishwa kiporo?"

"Sekunde chache tu, Baba."

"Kiporo ni kiporo."

Hata hivyo alikubali, maana kochi lilikuwa limempwaya. Binti aliipitisha redio kwenye kompyuta ndogo iliyoishika sauti kidogo kabla ya kuiachia. Kipindi cha kwanza mambo yalikwenda sawa. Cha pili mtandao ukalegea, picha zikabaki nyuma, na Baba akaruka kabla mpira haujapigwa. Mama aliinuka akaenda kukunja nguo. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kosa lake lilikuwa kuipa redio subira isiyobadilika, wakati waifai ina siku zake kama mtu. Kabla ya mechi iliyofuata aliipanga kompyuta iwe inaiuliza televisheni kila mara imefika wapi, na redio ingoje hapo hapo. Akaongeza tone la kuchelewa upande wa sauti. Binadamu amezoea kuona umeme ndipo asikie radi; kinachomkera ni radi kutangulia.

"Mara hii tu," Mama alisema, akakaa.

Mchezo ulipoanza, binti aligundua tone lake lilikuwa kijiko kizima. Picha zilikuwa mbele waziwazi. Sasa Mama ndiye angeona kwanza, na kwa yote aliyoharibiwa, nani angemlaumu akilipiza? Binti alikaa roho mkononi. Mshambuliaji alimpita beki, akapiga, wavu ukatikisika. Mama alifungua mdomo.

Akaufumba. Aliushika mkono wa Baba, akakodolea macho kioo, akangoja. Mtangazaji alipopasua sauti, wazee wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja, Mama kubwa zaidi, kana kwamba ndiyo kwanza anaona. Binti alicheka mpaka machozi yakamlenga. Lilipoingia goli la pili, ikawa vilevile.

Wakati wa mapumziko aliinama kwenye kompyuta.

"Baba, nirekebishe kidogo. Sauti imechelewa kuliko nilivyotaka."

"Usiguse."

"Lakini Mama anaona kabla yako."

"Najua. Akiona goli ananiminya vidole. Mimi napata habari kabla ya mtangazaji."

Mama aligeuka akamtazama. "Kumbe ulijua? Tangu lini?"

"Tangu lile la kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unangoja kwa raha zako," Baba alisema. "Sikutaka kukuharibia."

Mama alisogea karibu zaidi kwenye kochi, akaurudisha mkono wake pale ulipokuwa, na binti akaiacha kompyuta kama ilivyo.