Kwanza Tupitie kwa Batuli

Mama yangu hajui kupika. Nalisema hili nikiwa na akili timamu, na kaka zangu wawili, Nyangate na Obadiah, wako tayari kuapa mbele ya hakimu yeyote. Ugali wake huwa na unga mbichi katikati na mkaa pembeni, na katika kijiji chetu chote cha Gesima ni yeye peke yake anayeweza kuyafanikisha yote mawili katika sufuria moja. Chinsaga, ile mboga chungu ambayo wanawake wengine huichemsha na kuitia maziwa mpaka uchungu uishe, yeye huichemsha mpaka subira yake iishe, na subira ya mama haijawahi kufika dakika kumi. Kisha huketi mbele yako akutazame ukimeza. Kwetu mgeni akibakiza chakula amemtukana mwenye nyumba. Mtoto akibakiza, hilo hata halina jina.

Dawa ya ugonjwa huu aliigundua marehemu baba. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alitupeleka mjini Kisii kununua sare, na kabla ya sare, kwanza tupitie kwa Batuli. Batuli ana hoteli nyuma ya soko, meza nane na pazia la maua kwenye mlango wa jikoni. Ndizi zake za nazi, zilizopikwa na nyama mpaka mchuzi ukashikana, zingemsahaulisha mzee wa kanisa Sabato yake. Najua kwa sababu baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikula ameinamia sahani, hasemi na mtu. Akimaliza alijifuta mdomo, akatutazama mmoja mmoja na kusema, "Mama yenu asijue." Hayo ndiyo malezi mema tuliyopata.

Baba alifariki miaka sita iliyopita, na sisi, watoto wenye heshima, tukauendeleza urithi. Nyangate akitoka Nairobi hupitia kwa Batuli. Obadiah akitoka Eldoret hupitia kwa Batuli. Mimi Valentine, kitinda mimba, ninayeishi Nakuru na kuuza bima kwa watu wasioitaka, hupitia na kula sahani mbili. Ndipo tunapanda Gesima tumeshiba ndi, tunadonoa ugali kwa adabu, tunasingizia vidonda vya tumbo ambavyo hatuna, na jua halijatua tumeshaaga. Mama hutufungia mkungu wa ndizi wa kwenda nao. Ndizi hizo hizo za shambani kwake ndizo anazompelekea Batuli kila Jumatano asubuhi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuisingizia ndizi.

Mwaka huu kampuni ilinituma Kisumu kwa semina ya siku tatu. Nikampigia mama simu, nikamwambia nitafika kumwona Alhamisi. Lakini mtoa mada mkuu alikuwa amemaliza yote aliyoyajua siku ya kwanza, semina ikavunjika mapema, na Jumatano saa saba mchana nilikuwa Kisii, saa ambayo mama huwa ameshaleta ndizi zake na kurudi nyumbani. Mtoto mwema angepanda Gesima moja kwa moja. Mimi nilichukua chumba cha kulala pale mjini, mtaa wa Nyanchwa, nikaoga, nikateremka na bodaboda hadi kwa Batuli. Nilipanga kula kwa amani, nilale kwa amani, asubuhi nile tena, halafu ndiyo niende kuteswa.

Jibril, weita aliyekuwepo tangu enzi za baba, alinifutia meza.

"Karibu dada. Zile zako?"

"Zile zangu, Jibril. Usiniulize kama mtu asiyenijua."

"Batuli ameenda kuswali," alisema. "Lakini kuna mama anajifunza upishi huko ndani, amemwachia sufuria moja. Utangoja ama nikuletee ya huyo?"

Nilikuwa na njaa ya tangu Kisumu. Nikamwambia alete.

Sahani ilikuja. Kwa macho haikuwa na neno. Nikatia kijiko mdomoni, na ndizi ikanigomea. Ilikuwa imeiva nje, ndani ngumu kabisa, nazi imekatika vipande vipande, nyama inavutana na meno. Chumvi ilikuwa ya kutosha mtaa mzima. Na chini ya yote kulikuwa na ladha ya moshi niliyowahi kukutana nayo mahali fulani, ila hasira haikunipa nafasi ya kukumbuka ni wapi.

"Jibril," niliita, kwa sauti iliyozifikia meza zote nane. "Rudisha hii. Mpe mpishi salamu zangu, umwambie kama ana ugomvi na ndizi amalizane nazo kwa chifu, asinifanye mimi shahidi. Na umuulize kama alikuwa anapika ama anakausha samaki."

Watu walicheka. Mzee mmoja karibu na dirisha alipaliwa na chai. Nikajiona mtu wa maana sana, nikaweka mguu juu ya mguu. Jibril ana kasoro moja tu, ni mwaminifu. Nilimsikia huko jikoni akiyatoa maneno yangu yote kama yalivyo, hata samaki hakumwacha.

Pazia likafunguka. Akatoka mwanamke aliyevaa aproni ya Batuli juu ya gauni la buluu ninalolijua, kwa sababu nililinunua mimi. Alikuwa ameishika sahani kwa mikono miwili.

"Ni nani huyo ako na maneno na chakula yangu?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Halafu akaniona. Nami, mwenye maneno kuliko redio, nikabaki na moja tu.

"Mama."

Aliiweka sahani mezani, akavuta kiti, akaketi. Kuanzia hapo alisema kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, polepole, ili meza nyingine zisijifanye hazisikii.

"Ulisema kesho."

"Semina iliisha mapema."

"Ukaja hapa."

"Nikaja hapa."

Akalikunjua pindo la aproni juu ya magoti, akalilaza vizuri. "Hii ni Jumatano ya tatu. Nikishaleta ndizi, nabaki, Batuli ananionyesha. Mkija kwangu mnadonoa. Nikasema labda watoto wamezoea chakula cha mjini, basi nijifunze cha mjini. Nilitaka kesho ukija ule uongeze."

Sikujua pa kuweka macho. Yule mzee wa dirishani aliyepaliwa alikuwa amelipa na kuondoka, nikamwonea wivu.

"Mnakuja hapa wote?" aliuliza.

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ya msingi."

Alifikiri. Mtoto wa shule ya msingi haji mjini peke yake, na mama hajui kupika, lakini kufikiri anajua. "Baba Nyangate," alisema. "Na lile tumbo lake lililokuwa linamsumbua kila tukikaribia kufungua shule, hata chakula cha jioni hali. Mimi nikimchemshia mwarobaini."

Marehemu hasemwi vibaya, hasa na washirika wake.

Nikangoja machozi. Nilistahili kuyaona. Badala yake mabega yake yakashuka, akavuta pumzi ndefu, akaanza kucheka, kicheko kidogo cha chini kwa chini, huku akijifuta macho kwa upande wa kiganja.

"Nyangate anakaa saa moja, anaaga," alisema. "Obadiah hata koti havui. Wewe unaangalia saa kuliko unavyoniangalia mimi. Nimefunga Sabato mbili bila hata maji, namuuliza Mungu nimewakosea nini watoto wangu mpaka hawataki kukaa na mimi. Kumbe ni chumvi." Akacheka tena. Kisha akaniinamia. "Niambie kweli, Valentine. Ni chakula tu?"

Nina jibu la kila mtu. Nina la polisi wa barabarani, nina la mkubwa wangu wa kazi, nina hata la mchungaji. Kwa hilo swali kulikuwa na jibu moja rahisi, neno moja tu, na mama alikuwa amejitayarisha kulipokea na kwenda nalo nyumbani kwa furaha. Lakini ugali mbaya humfukuza mtu mezani, haumfukuzi nyumbani. Ugali haukunizuia kupiga simu mwezi mzima wa Aprili. Ugali haukunichukulia chumba Nyanchwa wakati kitanda changu kiko Gesima kimetandikwa. Tulizoea kuja na kukimbia, na chakula kikatupa kisingizio cha kuchekea njiani. Niliona aibu, na safari hii sikuwa na utani wa kuifunika.

"Hapana, mama," nilisema. "Si chakula tu."

Kicheko kilikatika. Aliisukuma sahani pembeni kidogo.

"Basi hicho kingine," alisema, "Batuli hawezi kunifundisha."

Nikaivuta ile sahani. Nikala ndizi, nikala nyama, nikala na kilichoungua. Sikufunga macho wala sikuomba maji. Mama alinitazama nikimeza, kama anavyotazama siku zote, ila hakusema niongeze.

"Leo nakuja kulala nyumbani," nilisema.

"Hata nikipika mimi?"

"Hata ukipika wewe."

"Na kesho?"

"Na kesho. Nitaondoka Jumapili."

Akanichunguza kama anavyochunguza noti ya mteja asiyemjua. Kisha akainuka, akaichukua sahani iliyobaki tupu, na kwenda jikoni kuniongezea.